Filta imesema mwanangu hafanani na baba yake, na sasa mume wangu anataka DNA

Kwako Shangazi,

Naomba usichapishe jina langu wala sehemu kamili ninayoishi. Ukisema Umoja inatosha, maana Umoja ni kubwa.

Mimi ni mama wa watoto wawili. Mume wangu ni fundi wa friji na mitambo ya baridi, mtu mpole ambaye hata akikasirika huwezi kujua mpaka uone amekaa nje kwenye ngazi peke yake. Tulifunga ndoa kanisani mwaka 2018. Kifungua mimba wetu ni mvulana, ametimiza miaka mitano mwezi wa Machi, na amepewa jina la marehemu baba mkwe kama desturi ya kwao inavyotaka. Wa pili ni msichana, bado ananyonya. Nina kibanda cha M-Pesa karibu na steji, kwa hiyo watu wengi wananijua kwa sura.

Siku ya Pasaka tulikuwa kwa mama mkwe, Kasarani. Wifi yangu, kitinda mimba wa nyumba hiyo, hutengeneza video za mtandaoni. Siku hiyo alikuwa na filta ya kufananisha sura. Unaweka picha ya watu wengi, unaelekeza kamera kwa mtu mmoja, halafu uso wake unageuka polepole hadi unakuwa uso wa yule aliye kwenye picha ambaye filta imeona wanafanana naye zaidi. Picha aliyochagua ni ya ubatizo wa mwanangu, tumesimama nje ya kanisa na jamaa na marafiki. Mimi nimembeba mtoto. Mume wangu yuko pembeni, amevaa kofia, anamtazama mtoto. Rafiki yake amesimama mbele katikati, anacheka na kamera.

Alianza na mama mkwe, ikamgeuza kuwa binti yake mkubwa, tukacheka sana. Kisha akamwelekezea mwanangu simu. Uso wake ukayeyuka, ndevu zikaota, ukatulia kwenye sura ya huyo rafiki. Mtu mmoja akasema, "Ala!" Wengine wakacheka. Wifi akairudia eti tuone vizuri, ikaja ile ile. Mume wangu alikuwa amekaa karibu na runinga. Hakucheka.

Shangazi, huyo rafiki si mtu wa mbali. Mwaka 2020, korona ilipoingia na Nairobi ikafungwa mwezi wa Aprili, mume wangu alikuwa Mombasa kwa kazi ya kontena za baridi, na Mombasa nayo ikafungwa. Alikwama huko hadi Julai. Ni yeye mwenyewe aliyempigia rafiki yake simu na kumwomba aniangalie. Aliniletea unga, akanijazia mtungi wa gesi, akaenda kuzungumza na landilodi kodi iliponishinda. Alikuwa akisimama mlangoni, anaacha vitu, anaondoka. Baina yetu halikupita lolote, hata neno la mzaha. Njia zilipofunguliwa mume wangu alipanda basi la kwanza alilopata, akafika nyumbani tarehe 8 Julai. Mwanangu alizaliwa tarehe 12 Machi 2021. Sasa watu wanahesabu kwa vidole na kusema ni miezi minane.

Wifi aliiweka ile video mtandaoni usiku huo huo. Kufikia katikati ya wiki ilikuwa imetazamwa na maelfu ya watu. Maoni ni hayo hayo: "DNA ya bure", "Baba mtoto amepatikana", "Mzee kalee mtoto wa jirani". Mteja mmoja alikuja kutoa pesa, akanitazama, akaniuliza, "Wewe ndiye yule mama wa video?" Nilimhesabia pesa vibaya.

Mume wangu alinyamaza karibu wiki mbili. Halafu usiku mmoja, taa imezimwa, akasema, "Twende tupime DNA tu, tumalize maneno." Nilimuuliza kama ananishuku, akanijibu, "Kama huna cha kuficha unaogopa nini?" Tangu hapo hamuogeshi mtoto jioni kama alivyozoea. Kwenye simu yake alikuwa na picha yao wawili. Sasa kuna picha ya milima. Sijui shaka hii imetoka wapi baada ya miaka yote hii.

Mama mkwe aliniita jikoni akanishika mkono, akasema, "Kitanda hakizai haramu, wewe tulia." Najua alitaka kunifariji. Nililia kwenye matatu kutoka Kasarani mpaka nyumbani.

Wifi nimemwomba aifute. Anasema ni mchezo tu, na kwamba nikipiga kelele nitaonekana nina jambo. Tangu video hiyo wafuasi wake wameongezeka na sasa kuna mwenye duka la wigi anayemlipa amtangazie bidhaa.

Rafiki zangu wanasema nikapime nimtie aibu. Dada yangu anasema nirudi nyumbani kwetu mpaka aje kuomba radhi. Mimi naona nikikubali, nitaishi maisha yangu yote na mtu aliyenipima. Nikikataa, nimejihukumu. Na juzi mwanangu ameniuliza, "Mama, mimi ni wa baba gani?" Kuna binamu yake aliyemwambia.

Nikuambie na hili. Usiku mmoja niliijaribu hiyo filta mwenyewe, nikatumia picha yetu ya harusi. Ikamchagua mume wangu. Nilifurahi, kisha nikaona aibu kwamba nimefurahi. Je, nimwonyeshe?

Mama Mvulana, Umoja

*

Binti yangu,

Nianze na hilo la mwisho, kwa sababu umeliandika kama jambo la kupitia tu, na mimi naona lina uzito. Ningependa uifiche hiyo video ya usiku, au ukimwonyesha mumeo iwe ni kwa kucheka pamoja, siku ambayo kucheka kumerudi. Ukimpelekea kama ushahidi, utakuwa umekubali kwamba filta ina kiti cha hakimu, mnachogombania ni hukumu ipi kati ya mbili. Na wifi yako anazo picha nyingi zaidi yako.

Ila inakusaidia kujua jinsi kitu hicho kinavyofanya kazi, wewe mwenyewe, ili kisikutishe. Filta za kufananisha sura zilivuma sana TikTok mwaka 2020, watu wa nchi nyingi wakazitumia kuona kama wamefanana na mama, baba au mwigizaji fulani. Programu za aina hii hutafuta alama usoni: pembe za macho, ncha ya pua, kingo za midomo, mstari wa taya. Zinalinganisha mpangilio wa alama hizo na nyuso zinazoweza kuzisoma kwenye picha. Damu haziijui. Hazijui nani ana miaka mitano na nani ana arobaini. Sasa soma tena ulivyoieleza ile picha ya ubatizo. Mume wako yuko pembeni, amevaa kofia, uso ameugeuzia mtoto. Rafiki yake yuko mbele, katikati, anaitazama kamera. Kwenye picha ya harusi, nani aliye mbele katikati? Mimi nimewahi kuambiwa na filta kwamba nafanana na mwanasoka wa Brazili, na sijaenda kudai urithi wangu.

Nyuso zetu sisi watu weusi zimesomwa vibaya na mashine kwa muda mrefu. Mwaka 2017 programu ya FaceApp ilikuwa na filta ya kumpendezesha mtu, na ikawa inawang'arisha watu weusi ngozi. Mwanzilishi wake, Yaroslav Goncharov, aliomba radhi na kueleza kwamba picha walizoifundishia zilikuwa zimeegemea upande mmoja. Mwaka uliofuata watafiti Joy Buolamwini na Timnit Gebru walizijaribu programu za kampuni kubwa zinazokisia kama uso ni wa mwanamke au mwanamume. Kwa wanaume weupe makosa hayakufika asilimia 1. Kwa wanawake weusi, programu iliyofanya vibaya zaidi ilikosea karibu asilimia 35. Hizo si filta aliyotumia wifi yako, na kazi yake ni nyingine. Lakini kama mashine za pesa nyingi zilikuwa zikishindwa kujua huyu ni mama au baba, mchezo wa simu sidhani kama ungekuwa na la kutuambia kuhusu ukoo.

Basi hayo ni ya filta. Nina wasiwasi kwamba ukimwelezea mumeo yote haya usiku wa leo, atakubali kila neno, kisha atageukia ukutani. Mume wako ni fundi. Kazi yake ni vipimo, na siku zote anaona kipimo kinachosema uongo kwa sababu kimefungwa vibaya. Sioni mtu wa namna hiyo akiamini mchezo wa simu. Nahisi, na naweza kuwa nimekosea kwa sababu simjui, kwamba alipata nafasi ya kutamka jambo ambalo lilikuwa tayari lina mahali ndani yake.

Umeandika kwamba hujui shaka imetoka wapi baada ya miaka yote hii. Lakini katika barua hiyo hiyo umeniandikia Mombasa, Aprili, Julai, unga, gesi, mlango, na tarehe ya kuzaliwa. Hukuniandikia hayo kwa bahati. Sehemu yako moja inajua hasa swali linalouma ni lipi, na nadhani naye analijua. Je, mmewahi kuizungumzia miezi ile? Sisemi kuhusu kodi na unga. Nasema kuhusu yeye kukaa Mombasa bila njia ya kurudi, akijua kwamba mwanamume mwingine ndiye anayempelekea mke wake gesi kwa sababu yeye hawezi. Hata kama kila kitu kilikwenda kwa heshima, kuna wanaume ambao jambo hilo huwaachia kidonda kisichohusiana na uaminifu wa mke hata kidogo. Ni aibu ya kushindwa kuwa nyumbani.

Au huenda nimekosea kabisa, na shaka hii ina umri wa wiki mbili tu. Huenda hakuwahi kuwaza lolote mpaka wenzake kazini walipomwekea ile video mbele ya macho na kumcheka. Hao ni wanaume wawili tofauti, na unahitaji kujua unaishi na yupi. Wa kwanza ana swali, na kipimo kinaweza kulijibu. Wa pili ana fedheha mbele ya watu, na hakuna karatasi ya maabara inayoondoa fedheha, kwa sababu walioandika yale maoni hawatarudi kuisoma. Huyo wa pili akipima leo, kesho ataona bado anachekwa, na hatajua la kufanya baada ya hapo.

Hebu tuhesabu hiyo miezi pia, maana umeiacha mikononi mwa watu wa vidole. Vizuizi vya kuingia na kutoka Nairobi na Mombasa viliondolewa tarehe 7 Julai 2020. Kesho yake mume wako alikuwa nyumbani. Kliniki huhesabu mimba kuanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, yaani karibu wiki mbili kabla mimba haijatunga. Mimba iliyotunga tarehe hizo ingekuwa na wiki 37 na siku kadhaa ifikapo tarehe 12 Machi 2021, na mtoto akifikisha wiki 37 huhesabiwa kwamba ametimiza muda wake. Kwa hiyo hiyo "miezi minane" ya mtaani haina cha kushangaza. Kitafute kile kitabu cha kliniki. Humo kuna tarehe, wiki na kilo zake, zilizoandikwa na muuguzi ambaye wakati huo hakuwa na ugomvi na mtu yeyote. Hesabu hii haithibitishi nani ni baba, na usiipeleke kama rungu. Inaonyesha tu kwamba kalenda haikushtaki, na nadhani kuna mtu nyumbani mwako ambaye ameihesabu vibaya kimyakimya.

Sasa kipimo chenyewe. Umenipa milango miwili: ukikubali umepimwa, ukikataa umejihukumu. Naelewa kwa nini inaonekana hivyo saa nane za usiku. Lakini nimezoea kuona wanawake waliokubali wakatoka wamesimama wima, na waliokataa wakaheshimiwa, na wengine waliokwenda kwa njia zote mbili mambo yakawaharibikia. Kinachotofautisha mara nyingi ni mazungumzo ya kabla.

Kwa mwili, kipimo ni kitu chepesi. Kijiti chenye pamba kinapitishwa ndani ya shavu la mtoto na la baba, na mara nyingi la mama pia. Mtoto huchukua nusu ya vinasaba kwa mama na nusu kwa baba, kwa hiyo maabara hulinganisha sehemu maalumu kadhaa. Kama mtu si baba, anatoka wazi. Kama ndiye, majibu huandikwa kwa uwezekano unaozidi asilimia 99. Nairobi kuna maabara za binafsi zinazofanya kazi hii, na Mkemia Mkuu wa Serikali pia huifanya. Gharama yake si ya kununulia mboga, kwa hiyo ulizeni kwanza.

Uzito wake uko kwingine. Kabla hamjaenda, ningemuuliza mumeo mambo haya, kwa upole, na mchana, taa isiwe imezimwa. Majibu yakija kwamba ni wako, nini kitabadilika Jumatatu? Utamwogesha mtoto? Ile picha itarudi kwenye simu? Utamwambia nini dada yako, na utamwambia mbele ya nani? Karatasi itakaa wapi, na ni nani mwingine ataiona? Akiwa na majibu ya maswali haya, huenda kipimo kikawa njia ya kurudi nyumbani kwake yeye pia. Akisema "tutaona", basi ujue unapima bila kujua unanunua nini, na ile hofu yako ya kuishi na mtu aliyekupima itakuwa na haki yake. Kuna hatari nyingine ambayo rafiki zako hawajaifikiria wanapokuambia ukamtie aibu. Mwanamume aliyetiwa aibu na mke wake kwa karatasi huwa si mume rahisi.

Ukikataa, una haki ya kukataa. Kwenye Sheria ya Ushahidi ya Kenya, kifungu cha 118, mtoto aliyezaliwa ndani ya ndoa halali huhesabiwa kuwa wa ndoa hiyo, isipokuwa ionyeshwe kwamba wawili hao hawakuwa na nafasi ya kukutana wakati ambao mimba ingeweza kutunga. Mama mkwe wako na kifungu hicho wanazungumza lugha moja, ingawa najua jikoni pale maneno yake yalikuchoma. Lakini sheria haiwezi kulala kitandani kati yenu. Na ukikataa bila mazungumzo, kuna jambo la kuogofya ambalo nimeliona kwenye barua za wanaume: anamchukua mtoto asubuhi moja eti wanaenda kunyoa, wanapitia maabara. Hapo hata majibu yakiwa mema, wewe ndiye utakayekuwa na swali juu yake.

Kuna njia ya katikati ambayo hukuitaja. Mwombe mngoje. Mpeane muda mnaokubaliana, na ndani ya muda huo muwaite wasimamizi wa harusi yenu, au mchungaji aliyewafungisha ndoa, au mzee mmoja wa upande wake anayejua kunyamaza. Hasara yake ni kwamba kungoja kunaweza kuonekana kama kukwepa, hasa akiwa na watu wanaomsukuma. Kwa hiyo usiseme "bado" tu. Sema "bado, kwa sababu nataka kwanza unieleze Mombasa."

Na sasa, binti yangu, niseme jambo ambalo mtu anayekupenda lazima aliseme mara moja. Umeniandikia kwamba halikupita lolote, nami nakusoma kama ulivyoandika. Lakini kama kuna siku ambayo hukuiandika, na hiyo ni siri yako na Mungu wako, basi usiende maabara kwa ujasiri wa kuigiza. Hapo ungehitaji ushauri mwingine, na mtu wa kukaa naye ana kwa ana kabla ya hatua yoyote. Kama siku hiyo haipo, pitia mistari hii bila kukasirika nami.

Katika barua yako ndefu, kuna mtu ambaye hukusema neno kuhusu hali yake, naye ni huyo rafiki. Uso wake umetumika bila kuulizwa. Sijui kama ana mke, kama ana watoto wanaosoma yale maoni. Je, mume wako ameongea naye tangu Pasaka? Ninachokuomba ni usimtafute wewe, hata kwa ujumbe wa kumwomba radhi, kwa sababu simu yako kwake leo ingesomwa vibaya na kila mtu. Mazungumzo hayo ni ya wanaume wawili ambao mmoja alimwomba mwenzake msaada katika wakati mgumu na akapewa.

Kuhusu wifi yako, nimejiuliza kama ni mwovu au ni msichana aliyeonja kutazamwa na watu wengi kwa mara ya kwanza, tena sasa kuna pesa ya wigi. Wewe umeamua ni mwovu. Inawezekana. Ila amekataa kukusikiliza wewe tu, na wewe ndiye mtu mwenye nguvu ndogo zaidi kwake. Mume wako ameshamwambia aifute? Hujaandika. Kama hajamwambia, hilo linanipa picha zaidi kuliko ile ya milima. Mama mkwe pia ana sauti katika nyumba hiyo, na tayari amekuonyesha yuko upande gani. Jina lililo kwenye midomo ya watu ni la marehemu mume wake.

Ikishindikana, kuna sheria. Picha ya uso wa mtoto ni taarifa binafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na kuitumia kunahitaji idhini ya mzazi. Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data hupokea malalamiko na inatakiwa kumaliza uchunguzi ndani ya siku 90. Mwaka 2023 shule moja ya Uthiru ilitozwa zaidi ya shilingi milioni 4.5 kwa kuweka picha za watoto mtandaoni bila ruhusa ya wazazi. Nikuonye tu kwamba sheria hiyo haikuandikwa kwa ajili ya mambo ya ndani ya familia, na wifi yako anaweza kujitetea kwa hilo. Lakini video iliyo wazi kwa dunia nzima, kwenye ukurasa anaolipwa kutangaza bidhaa, si rahisi kuiita mambo ya sebuleni. Pia unaweza kuiripoti ndani ya mtandao wenyewe kama video ya mtoto aliyewekwa bila idhini. Hilo halihitaji wakili wala kikao cha ukoo. Pima gharama yake hata hivyo. Kumshtaki wifi kutaifikia meza ya Pasaka ijayo. Na hata ikifutwa, nakala huenda zimeshahifadhiwa na watu usiowajua. Anza na njia fupi.

Kwa wateja wa kibandani huna deni la maelezo. "Ni filta, mama. Ulitaka kutoa ngapi?" Wengi watatosheka na hilo, na asiyetosheka atahamia kibanda cha pili kwa siku chache kisha foleni ya huko itamrudisha.

Nimemwacha mtoto mwisho lakini yeye ndiye wa haraka kuliko wote. Kipimo kinaweza kungoja, wifi anaweza kungoja, mwanao hawezi. Mtoto wa miaka mitano akiuliza "mimi ni wa baba gani", hataki somo la vinasaba. Ameona jioni hakuna wa kumuogesha, na ametafuta sababu. Mpe jibu fupi lisilo na wasiwasi, na umtaje baba yake kwa jina lake la kila siku. Mwambie kuwa simu ilicheza mchezo na watu wazima wakacheka vibaya. Kama unaweza, mwambie mumeo maneno ya mtoto vile vile alivyoyasema, bila kuongeza lako. Usimwambie kwa kumlaumu. Kuna uwezekano hajui kwamba mtoto ameshaona. Na mzungumze na yule binamu pia, kwa wema, kwa sababu mtoto huyo hakuyatunga maneno yale. Aliyasikia kwa mtu mzima.

Unauliza kama uende ukapime. Jibu hilo sina, na ningekuwa nalo nisingelitoa gazetini kabla hujajua mume wako ni yupi kati ya wale wawili. Usimuulize kama anakushuku. Hilo ulishauliza na unajua lilivyokwisha. Muulize ilikuwaje kwake Mombasa. Halafu niandikie, uniambie alijibu nini, na kama alichukua muda mrefu kujibu.

Shangazi